BETRI SI YETU, BEI SI YETU, LAKINI JASHO NI LETU



Neno tulilo nalo safari hii si la mshahara wenyewe, bali ni la kile kinachoula mshahara kabla haujafika nyumbani. Ni bei ya kuchaji vyombo vya stima katika vituo vya watu wote. Katika vituo tunavyovitumia sisi hapa Kisumu bei hiyo yapanda. Yapanda kidogo kidogo, leo shilingi kumi, baada ya miezi shilingi kumi nyingine, na kila ipandapo hakuna mtu anayetuambia kwa nini. Asubuhi waamka, waona maneno katika simu, na tangu saa ile ndiyo bei. Ukiuliza kijana aliye kituoni, yeye husema, "Mimi ni mwajiriwa tu kama wewe." Naye asema kweli. Basi twauliza: mwenye kuulizwa ni nani?

Wengine watasema, chama cha watu wa reli kina shauri gani na pikipiki? Sisi twajibu hivi. Nendeni Kondele saa kumi na mbili jioni mkawatazame wanaosubiri abiria. Mtamwona mtu aliyetoka karakana mchana huu, hata grisi haijatoka kuchani. Mtamwona mtoto wa mlinzi wa kivuko, na mtu aliyepunguzwa kazini miaka iliyopita. Mishahara yetu haitoshi, na hili si siri. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za wanachama kuna mshahara mmoja wa reli na boda moja ya jioni, na vyote viwili pamoja ndivyo vinavyolipa karo. Tena mama anayeleta mboga Kibuye huzileta kwa boda, na fundi anayekwenda Mamboleo huenda kwa boda. Bei ya betri ikipanda, nauli hupanda. Nauli ikipanda, sukuma wiki hupanda. Na aliye mwisho wa mstari huo ni mfanyakazi na sufuria yake.

Tukumbuke kwanza kwa nini watu waliiacha petroli. Mwezi Julai 2023 Serikali iliongeza kodi ya VAT juu ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufika Oktoba mwaka ule lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217 na senti 36. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara nao ulitolewa katika shilingi 18 ukawekwa shilingi 25 kwa kila lita. Mafuta hayo twayaona kwa macho yetu. Huja kwa bomba hadi Kisumu, na meli yetu ya Uhuru, iliyoanza kazi tena mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi, imeyabeba mpaka Port Bell, Uganda. Lakini kuyaona si kuyamudu.

Ndipo walipokuja watu wa pikipiki za stima. Wakasema: tupeni kitu kidogo cha kuanzia, chukueni chombo, mtalipa kidogo kidogo. Hakina moshi, hakina oili, hakina plagi, na stima ni rahisi kuliko petroli. Hawakusema uongo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Nishati na Petroli, yaani EPRA, ilikubali bei maalum ya stima ya kuchajia magari na pikipiki: shilingi 16 kwa uniti moja wakati wa matumizi makubwa, na shilingi 8 wakati matumizi yamepungua, kama usiku. Mwaka ule ule sheria ya fedha iliziondolea VAT pikipiki za stima. Nchi nzima ilisamehe kodi ili vyombo hivi vienee, na fedha ile iliyosamehewa ingaliweza kununua dawa na madawati. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hii ni biashara yake binafsi isiyotuhusu. Wananchi wameweka fedha zao ndani yake.

Sasa tufanye hesabu, hesabu ya darasa la sita tu. Tuseme betri moja hushika uniti 3. Kwa bei ile ya mchana ni shilingi 48. Kwa bei ile ya usiku ni shilingi 24. Twajua kwamba bili ya stima haishii hapo, kwa maana huongezwa gharama ya mafuta ya mitambo, gharama ya kubadilika kwa dola, ya kupanda kwa bei za vitu, ushuru wa maji, asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, na VAT asilimia 16. Basi tuwe wakarimu. Tuzidishe mara mbili kamili: shilingi 96 mchana, 48 usiku. Kisha kila mmoja wenu atazame katika simu yake alilipa kiasi gani jana kwa kubadili betri moja, aondoe hiyo 96, na kile kinachobaki akiweke mezani akitazame. Kile kilichobaki ndicho tunachokizungumza.

Hatusemi kilichobaki chote ni wizi. Mwenye kituo amenunua betri kwa dola, amejenga banda, analipa mlinzi na kijana wa kituo, na betri huchoka kama vile magurudumu ya behewa yanavyolika. Apate gharama yake, apate na faida yake, hatumwonei kijicho. Lakini faida ni kitu kinachohesabika. Kama hesabu ni halali, kwa nini haibandikwi ukutani?

Tazameni tofauti. Petroli, pamoja na uchungu wake wote, ina bei ya juu inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, mji kwa mji, na Kisumu hutajwa. Mwenye pampu akipita bei ile amevunja sheria. Tena pampu yake huja kupimwa na watu wa Vipimo na Mizani, nayo hutiwa muhuri, ili lita iwe lita. Hata mama wa omena sokoni akiuza kwa mizani, mizani ile hukaguliwa. Je, kituo cha kubadili betri? EPRA ilitoa mwongozo wa vituo hivi mwaka 2023, na huo ni mwanzo mzuri, lakini bei ya betri haitangazwi kila tarehe 14 pamoja na petroli na mafuta ya taa. Sisi twauziwa "betri moja", si uniti kadhaa. Betri moja ni nini? Betri mpya ni betri moja, na betri iliyochoka ni betri moja. Iliyojaa kabisa ni moja, na ile inayosema imejaa lakini ikakuacha Kisian kabla hujafika Maseno nayo ni moja. Ni sawa na kununua mafuta ya taa kwa chupa ambayo muuzaji peke yake ndiye anayejua kina chake. Sisi tuliosomeshwa na wamisheni twakumbuka vizuri yale tuliyofundishwa juu ya mizani ya hila.

Na hapa ndipo penye kiini. Chombo twalipia miezi na miezi, lakini betri si yetu. Betri ni ya kampuni, na pikipiki ya kampuni hii haikubali betri ya kampuni ile. Ukichelewa kulipa, chombo huzimwa kutoka mbali, kama mtu aliyekata stimu katika injini. Mwenye petroli akichukizwa na pampu moja huvuka barabara akaenda pampu nyingine. Mwenye betri avuke aende wapi? Pikipiki bila betri ni behewa bila injini: ni mali, ndiyo, lakini haiendi. Babu zetu walilijua duka la shambani, ambalo mwajiri alikupa mshahara kwa dirisha hili akaupokea tena kwa dirisha lile. Hili nalo ni duka la namna hiyo, ila dirisha limetiwa ndani ya simu.

Kuna wenzetu watakaosema, mbona usichaji nyumbani? Ushauri mwema kwa mwenye nyumba, mwenye ua na mwenye mita yake. Lakini wanachama wetu wengi wanaishi wapi? Wanapanga Manyatta, Nyalenda na Obunga, vyumba kumi kwa mita moja, na mwenye ploti amekataza hata pasi. Na huyo mwenye mita yake naye asifurahi mapema. Katika bei zile za Aprili 2023 nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi iliwekewa shilingi 12 na senti 22 kwa uniti, hadi uniti 100 ni 16 na senti 30, na kuzidi 100 ni shilingi 20 na senti 97, kabla ya kodi na nyongeza. Nyumba ya kawaida yenye uniti 40, ukiongeza betri moja ya uniti 3 kila usiku kwa siku 26, yafika uniti 118. Umevuka mstari. Sasa hata taa anayosomea mtoto inalipiwa bei ya juu. Ile shilingi 8 ya usiku haikuandikwa kwa ajili ya nyumba yako. Imeandikwa kwa ajili ya mwenye mita ya kuchajia vyombo, yaani mwenye kituo.

Msidhani jambo hili ni la Kisumu tu. Huko Uingereza, nchi ya matajiri, mwenye ua wake huchaji motokaa nyumbani akalipa VAT ya asilimia 5. Mpangaji asiye na ua, achajiye barabarani katika mashine ya watu wote, VAT yake ni asilimia 20. Stima ni ile ile, motokaa ni ile ile, lakini asiye na kitu hutozwa kodi mara nne ya mwenye kitu. Watu wa kule wanalipigia kelele. Basi kumbe mkono unaotuparua sisi una vidole hata ng'ambo.

Na stima hii yatoka wapi? Ingekuwa yatoka Ulaya kwa meli tungenyamaza. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya yatoka katika mvuke wa ardhi ya Olkaria, maji ya mito, na upepo wa Turkana. Hapa kwetu, Nyakach, mto Sondu waendesha mitambo ya Sondu Miriu ya megawati 60, na maji yale yale yakishatoka huendesha Sang'oro megawati 21, kisha yaenda zake ziwani. Mto Sondu haudai dola. Usiku watu wamelala, viwanda vingine vimezimwa, mvuke wa Olkaria bado unatoka. Ndiyo maana Serikali ikaweka shilingi 8, ili stima ya usiku isipotee bure. Ni busara. Lakini busara hiyo imemnufaisha nani? Kituo kinachojaza betri zake usiku kwa shilingi 8 kikaziuza mchana kwa bei moja tu kimepewa zawadi ya nusu nzima. Dereva hajaiona hata senti kumi ya zawadi ile. Kama stima ya usiku ni nusu, basi anayebadili betri alfajiri aione nusu yake hata kwa kiasi kidogo.

Sasa twasema na wale wanaotucheka. Wapo wanachama wenye pikipiki za petroli wanaosema, "Tuliwaambia." Ndugu, kicheko chenu ni kifupi. Petroli haikuwahi kuwa rafiki ya mtu maskini, na bomba lake limefungwa na kufunguliwa na watu walio mbali zaidi. Vyombo vya stima ni vizuri. Havitupi moshi kifuani, na nchi yaweza kuviendesha kwa maji na mvuke wake yenyewe. Huko Mbita na fuo nyingine za Homa Bay wavuvi wa omena wamekodi taa za sola badala ya karabai, na aliyewahi kununua mafuta ya taa ya kuvulia usiku mzima anajua hiyo ni nafuu gani. Ubishi wetu si juu ya stima. Ubishi wetu ni juu ya nani ashike swichi.

Watu wa reli twalijua swali hili tangu zamani. Reli ilipofika hapa mwezi Disemba 1901, mahali hapa pakiitwa Port Florence, injini zilikula kuni. Baadaye zikaja za mafuta mazito, halafu dizeli. Kila nguvu mpya ilipokuja mabwana walisema mambo yatakuwa rahisi kwa wote, na kila mara mfanyakazi alipata sehemu yake pale tu alipoidai pamoja na wenzake. Mwezi Januari 1947 watu wa bandari na wa reli waligoma kule Mombasa, zaidi ya watu elfu kumi, kwa sababu bei za vitu zilikuwa zimeukimbia mshahara. Hawakungoja bei zione haya zenyewe. Na nyongeza walizopata hazikuletwa na huruma ya mtu.

Hasara yetu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Bei ikipanda shilingi 20 kwa betri, na mtu akabadili mara tatu kwa siku, ni shilingi 60. Kwa siku 26 ni shilingi 1,560. Kwa mwaka ni shilingi 18,720. Hebu chama kiende kwa mwajiri kudai nyongeza ya shilingi 1,560 kwa mwezi: kuna mikutano, kuna barua, kuna mahakama ya kazi, na pengine mwaka utapita. Lakini nyongeza ya namna hiyo imenyang'anywa usiku mmoja kwa maneno mawili katika simu. Kupigania mshahara huku tumeacha bei wazi ni kuteka maji kwa tenga.

Kwa hiyo madai yetu ni haya:

1. Kila kituo kibandike ubaoni bei kwa uniti, si kwa "betri moja", na risiti ionyeshe uniti zilizotoka na zilizorudi.

2. Mita za vituo na uzima wa betri vikaguliwe na watu wa Vipimo na Mizani, kama pampu ya petroli.

3. EPRA iweke bei ya juu ya kuchaji katika vituo vya watu wote, itangazwe mji kwa mji kama inavyofanywa kwa petroli.

4. Bei isibadilishwe bila notisi ya siku 30, pamoja na sababu iliyoandikwa kwa lugha ambayo dereva anaielewa.

5. Nafuu ya stima ya usiku igawanywe, isimezwe na upande mmoja.

6. Betri za kampuni mbalimbali zifanywe za namna moja, ili mtu aweze kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

7. Shirika la Reli litoe kipande cha uwanja wa stesheni ya Kisumu, na Kaunti itoe vipande katika masoko, ili ushirika wa wafanyakazi uweke mita yake wenyewe kwa bei ile ya kuchajia vyombo, uwauzie wanachama na wananchi kwa hesabu iliyo wazi.

Hili la saba ndilo kubwa. Ardhi ya reli imemegwa mara nyingi kwa ajili ya watu wakubwa. Haitakufa ikimegwa mara moja kwa ajili ya watu wadogo. Na ushirika si jambo geni kwetu: sacco zetu zimenunua mashamba na kujenga nyumba, zitashindwaje kununua mita na sanduku la betri? Kituo kimoja tu cha ushirika chenye bei ya haki kitawafundisha wengine adabu kuliko hotuba mia.

Hatuwaambii mkavunje vituo. Kijana wa kituoni ni mfanyakazi mwenzetu, na banda likichomwa ni yeye atakayekosa kazi kwanza. Tunawaambia jambo gumu zaidi: andikeni. Kila mwenye pikipiki ya stima aandike katika daftari tarehe, kituo, bei aliyolipa, na umbali aliokwenda kabla betri haijaisha. Ujumbe wa malipo usiufute. Mwisho wa mwezi leteni madaftari kwa katibu wa tawi. Madaftari mia moja ya namna hiyo ni ushahidi ambao hakuna ofisi iwezayo kuutupa kapuni, na katibu atawapelekea EPRA na wajumbe wetu wa Kaunti pamoja na barua ya chama. Na ninyi msio na pikipiki, mjue kwamba mnailipia betri hii kila mnapopanda na kila mnapokula, basi njooni mkutanoni nanyi.

Mtu mmoja akilalamika kituoni huambiwa, "Kama hutaki, acha betri." Watu mia tano hawaambiwi hivyo.

Umoja ni nguvu.

Ndimi wenzenu wa karakana na wa stesheni,
Kisumu.